Kumnunulia Kijana Farasi wa Kuruka Viunzi, na Kumuuza Siku Ikifika: Mwongozo kutoka Zizini

Mwaka wangu wa tatu wa usaisi, kazi ya kuhudumia farasi zizini, nilishika kamba ya farasi mwekundu huku mama mmoja akiandika hundi juu ya boneti ya gari. Mwanawe alikuwa na miaka 13. Asubuhi hiyo, pale uwanja wa Jamhuri, Nairobi, farasi alikuwa amezunguka viunzi vya mita 1.10 bila kuangusha hata ufito mmoja, akiwa amepandwa na mtu mzima mwenye miguu ya chuma. Mimi nilijua mambo matatu ambayo mama yule hakuyajua: farasi hakubali kutoka zizini peke yake bila mwenzake mbele, anang'ata mkanda wa tumbo ukikazwa, na kwa wiki mbili alikuwa akiwekewa unga wa dawa ya maumivu kwenye pumba za jioni.

Hakuna aliyeniuliza. Tajiri wangu alikuwa amesimama pale pale, nami nilikuwa kijana mwenye kodi ya kulipa. Mwezi haujaisha yule mtoto alianguka, akavunjika mtulinga, akaacha farasi kabisa.

Sasa nafundisha watoto, na wazazi huja kwangu kuomba nifuatane nao kununua. Kila ninachowaeleza kimetoka siku ile. Uwanjani farasi huonyesha alichofundishwa kuonyesha. Zizini ndiko anakoishi saa 23 zilizobaki, na anayezijua saa hizo ni saisi. Mwongozo huu nimeuandika kwa hali ya Nairobi na mazizi ya jirani, Karen, Ngong, Limuru hadi Gilgil na Nanyuki, lakini mzazi wa Arusha au Kampala atauelewa bila shida.

1. Mpime mtoto kwanza

Kabla hujaangalia picha ya farasi yeyote, kaa na mwalimu wa mtoto mjibu swali moja: leo hii, bila mwalimu kupiga kelele pembeni, mtoto anaruka urefu gani mara tatu mfululizo kwa utulivu? Chukua urefu huo, si ule aliowahi kuruka siku moja ya bahati. Kama ni sentimita 80, tafuta farasi aliyezoea kuruka mita moja bila jasho. Zile sentimita 20 za ziada ni akiba ya makosa. Mtoto atamfikisha farasi vibaya kwenye kiunzi, karibu mno au mbali mno, na farasi mwenye akiba atajinyanyua na kuendelea. Asiye na akiba atasimama ghafla, na mtoto ataendelea peke yake.

Akiba ikizidi nayo ni hatari. Farasi aliyezoea mita 1.30 akipewa mtoto wa sentimita 80 huruka juu mno na kwa nguvu mno. Nimeona mtoto akitupwa nje ya tandiko na farasi asiye na kosa lolote.

Mpandaji mwanagenzi na farasi mwanagenzi hawafai kukutanishwa. Wazazi huambiwa kwamba watakua pamoja. Ninaowafahamu mimi waliojifunza pamoja walijifunza kuogopa pamoja. Mtoto anayeanza mashindano namtafutia farasi wa miaka 9 hadi 15. Wa miaka 16 mwenye miguu safi simkatai. Wengi wa hao ni walimu kuliko mimi.

Kisha kuna swali la poni au farasi. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, poni ni yule asiyezidi sentimita 148 bila viatu, au 149 akiwa navyo, akipimwa kwenye nundu ya mabega. Mtoto wa miaka 10 akikaa juu ya mnyama wa kimo chake, miguu yake hufika mahali pa kuzungumza na mbavu. Juu ya farasi mkubwa miguu hiyo inaning'inia juu ya tandiko tu. Lakini poni ana tatizo lake la hesabu. Hatua moja ya shoti ya farasi huhesabiwa karibu mita 3.6, na umbali kati ya viunzi vinavyofuatana hupangwa kwa kipimo hicho. Poni mdogo hatua yake ni kama mita 3. Katika hatua nne amepungukiwa na zaidi ya mita 2, kwa hiyo ama akimbie kupita kiasi ama aongeze hatua ya tano. Kabla ya kununua poni, uliza kama kwenye mashindano mnayokwenda wanawapangia poni umbali wao. Kama hawapangi, mtoto anayekaribia miaka 13 na anayerefuka haraka ni afadhali aanze kutafutiwa farasi mfupi.

Lakini usimdharau poni. Stroller alikuwa poni tu kwa kimo, na Marion Coakes, Mwingereza aliyekuwa naye tangu ujanani, alimpanda kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 wakarudi na medali ya fedha.

2. Piga hesabu ya mwezi kabla ya hesabu ya bei

Bei ya kununua unailipa mara moja. Kinachowatoa watu jasho ni mwezi. Farasi wa kilo 450 anakula nyasi kavu kama kilo 8 hadi 10 kwa siku. Ukichukua robota la nyasi za Boma Rhodes la kilo 15, hayo ni marobota 16 hadi 20 kwa mwezi, kabla ya pumba, lusini (majani ya alfalfa) na chumvi. Anakunywa lita 25 hadi 45 za maji kwa siku, zaidi wakati wa jua na kazi. Fundi wa kwato anakuja kila wiki 6 hadi 8. Meno hukaguliwa na kusawazishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kuna chanjo, dawa za minyoo, dawa za kupe, mshahara wa saisi, ada ya zizi, mafunzo, ada za mashindano na lori la kumpeleka huko. Tandiko linalomfaa mgongoni huenda likahitaji bajeti yake, maana la farasi aliyetangulia mara nyingi halikai sawa kwa mpya.

Zungukia mazizi matatu, uliza kila moja kinachojumuishwa kwenye ada yao, jumlisha, kisha zidisha kwa 12. Ukipata hesabu inayokunyima usingizi, kodi kwanza. Kukodi farasi, au kukodi nusu kwa kugawana siku na mtoto mwingine, kunakupa miezi 6 ya kuona kama hamu ya mtoto inavumilia asubuhi za baridi za Julai. Nimeshauri hivyo familia nyingi, na zipo zilizomaliza miezi sita zikashukuru kwamba hazikununua.

3. Wanapopatikana

Farasi bora wa mtoto ni yule aliyembebea mtoto mwingine mpaka mtoto yule akawa mrefu kupita kiasi. Farasi huyu hatangazwi. Anapita mkono kwa mkono kati ya familia za Pony Club, chama cha watoto wanaopanda, na jina la atakayemchukua hujulikana mwaka mmoja kabla. Ili umpate ni lazima ujulikane mapema: nenda kwenye mashindano, saidia kusimamisha viunzi, zungumza na wazazi wenye watoto wa miaka 15 na 16, waambie unatafuta.

Chanzo cha pili ni uwanja wa mbio wa Ngong Road. Thorobredi, farasi wa uzao wa mbio, wanaoacha mbio huuzwa kwa bei nafuu, na wengi wa farasi wa kuruka niliowahudumia walianzia huko. Wana moyo, wana wepesi, na historia inawatetea. Touch of Class, jike mdogo wa thorobredi aliyeanza kwenye mbio na hakung'ara, alimpa Joe Fargis wa Marekani dhahabu mbili kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, moja ya peke yake na moja ya timu. Lakini elewa unanunua nini. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba hatamu zikivutwa anapata pa kuegemea ili aongeze kasi. Mtoto akiogopa akavuta, farasi anasikia neno lililo kinyume kabisa. Wengi hawajawahi kusimama wima wakati mtu anapanda, kwa sababu mpandaji wa mbio hurushwa juu huku farasi akitembea. Anahitaji mtu mzima mwenye subira amfundishe upya, miezi 6 hadi mwaka, kabla mtoto hajapewa. Ukiambiwa ametoka mbioni miezi miwili iliyopita na sasa anafaa watoto, shukuru na urudi nyumbani.

Chanzo cha tatu ni kuagiza nje, wombladi, farasi wa michezo wa Ulaya, au farasi wa Afrika Kusini. Wana mruko wa kupendeza. Hata hivyo, farasi wa Ulaya anaingia huku bila kinga yoyote dhidi ya homa ya farasi ya Afrika, ugonjwa unaoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wa jioni. Ukimshika mapafu, farasi asiye na kinga hufa kwa siku chache, na ni wachache wanaopona. Chanjo ipo na hurudiwa kila mwaka, na farasi huingizwa ndani kabla ya jua kuzama mpaka asubuhi, hasa baada ya mvua kubwa. Halafu kuna homa ya kupe, na mbung'o kwa wanaoishi karibu na mapori. Kwa sababu ya homa hiyo ya farasi, kumrudisha Ulaya akishakaa huku ni jambo gumu sana, kwa hiyo usimnunue ukidhani utamuuza huko alikotoka. Mtoto anayetafutiwa farasi wake wa kwanza kabisa hahitaji farasi wa kuletwa kwa ndege.

4. Simu na video

Hapa usipoteze muda. Uliza umri, kimo, kazi ya mwaka uliopita, nani anampanda sasa, kwa nini anauzwa, na kama kuna jambo lolote ambalo muuzaji mwenyewe angetaka kulijua kama angekuwa yeye anayenunua. Swali hilo la mwisho liulize kisha unyamaze. Omba video isiyokatwa, ikianza farasi akitolewa zizini na kuishia akirudishwa. Video ya mruko mmoja mmoja iliyounganishwa na muziki haikuonyeshi kitu.

5. Siku ya kwanza: fika mapema, zungumza na saisi

Mkikubaliana saa nne, fika saa tatu na nusu. Unataka kumkuta farasi kabla hajaandaliwa. Weka kiganja kifuani na chini ya mahali pa tandiko: akiwa na joto, au manyoya yamelowa na kukauka, ameshachoshwa kabla hujafika, na huyo utakayempanda si yule utakayeishi naye.

Tazama mlango wa banda. Ukingo wa mbao uliotafunwa na kulainika ni kazi ya farasi anayeng'ata mbao na kumeza hewa. Tazama sakafu: mashimo mawili yaliyochimbika mlangoni ni ya yule anayeyumba kushoto na kulia kutwa nzima. Tabia hizi hazimfanyi kuwa farasi mbaya, lakini zinasema kuna upweke, njaa ya nyasi au wasiwasi, na zinashusha bei. Tazama pia kama maji yamo kwenye ndoo. Wapo wanaomnyima farasi maji usiku ili awe mzito na mtulivu asubuhi.

Kisha omba kufanya kila kitu kuanzia mwanzo. Ashikwe malishoni mbele yako, aongozwe, afungwe, anyanyuliwe miguu yote minne. Mtoto wako amsugue kwa brashi. Tandiko liwekwe mkiwepo, na hapo angalia masikio yake mkanda unapokazwa. Omba apandishwe lori. Muuzaji akisema lori halipo, omba mpange siku nyingine litakapokuwepo, maana farasi asiyeingia lori hatafika mashindanoni hata akiruka kama swala.

Sasa saisi. Usimvamie kwa maswali mbele ya tajiri wake. Ukifanya hivyo unamweka mtu kati ya riziki yake na ukweli, nami najua mahali hapo palivyo pembamba. Mwombe muuzaji waziwazi: "Naomba nizungumze na anayemhudumia, nijue anavyolishwa." Muuzaji mwaminifu atafurahi. Halafu msalimie saisi kama mtu.

"Habari ya kazi, mzee."

"Salama tu, mama."

"Umekaa naye muda gani huyu?"

"Miaka miwili sasa."

"Anapenda nini?"

Anzia hapo, kwenye anachopenda. Saisi akianza kumzungumzia farasi kwa mapenzi, mengine yatafuata yenyewe. Uliza anakula nini na kiasi gani. Anafanyaje mvua ikipiga mabati? Fundi wa kwato akija anahitaji watu wangapi? Amewahi kuumwa tumbo, na lini? Akiachwa na mwenzake akaenda, analia? Na ukiwa na swali moja tu lililobaki, liwe hili: "Wewe mtoto wako ungempandisha?" Nimewaona masaisi wakijibu swali hilo kwa kutazama chini, na nikamshika mzazi mkono tukaondoka.

6. Kumpanda

Mpangilio ni huu, na usikubali ubadilishwe: kwanza mtu wa kwao, kisha mwalimu wako, mwisho mtoto. Mtu wa kwao akikataa kumpanda, asipande yeyote.

Mtazame akitembea, kisha telki, mwendo wa mchakamchaka, au troti kama tunavyosema zizini, kisha kanta, yaani shoti ya taratibu, pande zote mbili. Waliotoka mbioni mara nyingi wana upande mmoja mgumu. Mwalimu ajaribu kumsimamisha kwa upole kutoka kanta. Farasi wa mtoto anayehitaji uwanja mzima kusimama si wa mtoto, haidhuru anaruka nini.

Mtoto akipanda, aanze na fito zilizolazwa chini, kisha kiunzi cha msalaba, kisha sentimita 60, kisha urefu wake wa kawaida, na hapo aishie. Mruko mzuri hauhitaji kutazamwa sana. Tazama kosa. Mtoto atakapomfikisha vibaya, au kupoteza kikuku cha kukanyagia, au kuangukia shingo, farasi anafanya nini? Anayepunguza mwendo na kungoja mtoto ajipange, huyo muweke moyoni. Anayetoka mbio, au anayekunja masikio na kurusha mateke, amekuambia mwenyewe. Kumbuka pia kanuni za mashindano: kuangusha ufito ni pointi 4 za adhabu, lakini kwa kanuni za kimataifa kukataa mara ya pili ni kutolewa nje, na kuanguka ni kutolewa papo hapo. Farasi anayeangusha fito mbili na kumaliza anamjenga mtoto kuliko fundi wa mruko anayekataa kila wiki.

Mwisho atembee nje ya uwanja, peke yake, mbali na wenzake, hata mita 300 tu. Yule mwekundu wangu wangemgundua hapa.

Rudini siku ya pili, saa tofauti. Hata kama mtoto analia kwa mapenzi na muuzaji anasema kuna mwingine anakuja jioni, rudini. Biashara hizi za haraka huwa zinamnufaisha mtu mmoja.

7. Daktari

Mlipe daktari wa mifugo wewe, na asiwe anayemtibu farasi huyo kwa muuzaji. Mweleze kazi yenyewe: mtoto wa miaka kadhaa, viunzi vya urefu kadhaa, mara ngapi kwa wiki. Hatasema farasi ni mzima au mbovu tu. Atasema kama anafaa kazi hiyo. Uchunguzi kamili una sehemu tano: akiwa amesimama, akitembezwa na kukimbizwa telki kwa kamba, akifanyishwa kazi mpaka apumue, akipumzishwa, kisha kukimbizwa tena. Katikati kuna jaribio la kukunja kiungo: mguu unashikiliwa umekunjwa kama dakika moja kisha anakimbizwa, kuona kama anachechemea.

Mengine unaweza kuyaona mwenyewe kabla ya kulipa daktari. Pitisha vidole nyuma ya miguu ya mbele, chini ya goti, mguu mmoja baada ya mwingine. Kano zinatakiwa ziwe nyembamba, ngumu na baridi, zifanane pande zote. Uvimbe uliopinda kama upinde ni kano iliyowahi kuchanika, jeraha la kawaida la mbioni. Lililopona vizuri hufanya kazi ndogo miaka mingi, lakini uambiwe, na bei iambiwe. Akiwa ametulia, mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto kati ya 37.2 na 38.3.

Umri usome mdomoni. Meno ya mbele ya utoto humalizika kubadilika kwenye miaka 5. Kwenye jino la pembeni la juu, mfereji mwembamba wa kahawia huanza kuonekana karibu na fizi farasi akifika miaka 10 hivi, hufika nusu ya jino kwenye 15 na kulimaliza kwenye 20. Ni makadirio, lakini mfereji uliofika chini kwenye mdomo wa farasi "wa miaka 12" unatosha kufunga mazungumzo.

Na damu. Daktari achukue damu siku hiyo na ihifadhiwe. Kama baada ya wiki mbili farasi anaanza kuchechemea, damu hiyo itasema kama alikuwa amepewa fenilbutazoni, dawa ya maumivu, au dawa ya kutuliza. Mara nyingi kutaja tu kwamba damu itachukuliwa kunaondoa farasi mmoja sokoni. Kama kungekuwa na damu ya yule mwekundu kwenye friji ya daktari, mama yule angekuwa na la kusema. Eksirei za miguu ongeza kama bei ni kubwa au kazi ni ya juu ya mita 1.10.

8. Dalali, bei, mkataba

Ujira wa dalali au mwalimu anayekutafutia uandikwe kabla hamjaanza kuzunguka, na ulipwe na upande mmoja. Mmoja anayekula kwa mnunuzi na kwa muuzaji hana sababu ya kukuambia hapana. Muulize muuzaji ana kwa ana anataka kupokea kiasi gani mkononi. Nimewahi kusikia bei mbili za farasi mmoja katika nusu saa, na tofauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama katikati.

Arubuni itolewe kwa maandishi, ikitaja kwamba inarudishwa daktari akimkataa. Mkataba uwe na alama na namba ya kichipu cha farasi, umri, pasi yake, kazi anayouzwa kuifanya, kasoro zote zilizotajwa, dawa alizopewa ndani ya siku 30, na siku ambayo hatari inahamia kwako. Ile sentensi ya kazi ni muhimu: "anauzwa kama farasi wa kuruka viunzi wa mtoto" ni kauli ambayo muuzaji anaweza kubanwa nayo, na "farasi mmoja, jike, kijivu" siyo. Malipo yapitie benki. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na kumkatakata farasi kwenye miamala mitano kunavuruga ushahidi. Akivuka kaunti au mpaka, uliza mapema ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Akifika nyumbani, wiki ya kwanza asirukishwe kabisa. Chakula kibadilishwe taratibu kwa siku 7 hadi 10, la sivyo utayatafuta mwenyewe maumivu makali ya tumbo. Apimwe joto kila asubuhi. Mtoto amwongoze, amsugue, amtembeze tu. Kuna farasi wanaochukua miezi mitatu kuonyesha wao ni nani, kwa hiyo msimhukumu kwa shindano la kwanza.

Siku ya kumuuza

Muda wa kuuza hufika kwa njia mbili: mtoto amerefuka, au kazi imempita farasi. Usingoje mpaka vyote viwili. Poni anayebebeshwa kijana mzito kwa mwaka wa ziada huumia mgongo, na mnunuzi anaona. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko visizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Kwa poni wa kilo 300 hiyo ni kilo 60 zote.

Mtoto ashirikishwe mapema. Usimwambie farasi ameuzwa baada ya kuuzwa. Mpe kazi ya kweli: yeye ndiye amwonyeshe mnunuzi, yeye aeleze farasi anapenda kukwaruzwa wapi. Nimeona vijana wakikubali kuachana na farasi kwa sababu walimchagua wenyewe mtoto anayemfuata.

Anza miezi miwili kabla. Kwato ziwe zimetengenezwa, meno yamekaguliwa, chanjo ziko ndani ya muda na zimeandikwa. Mpeleke mashindanoni kwenye viunzi vya chini kuliko uwezo wake, akiwa na mtoto, watu wamwone anavyobeba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: farasi mtulivu akionekana mara tatu Jamhuri akimaliza mzunguko na mtoto wa miaka 11, simu zitaanza kabla hujaandika tangazo.

Tangazo nalo liwe fupi na kweli. Kimo, umri, aliyoyafanya, kwa nani anafaa na kwa nani hafai. Sentensi ya "hafai" ndiyo inayouza. Ukiandika "hapendi kuachwa peke yake malishoni, na anahitaji mpandaji asiyevuta hatamu," wanaopotea ni wale ambao wangemrudisha. Kasoro aliyoijua saisi wako, ijue na mnunuzi wako. Cha kuvunda hakina ubani, na dunia ya farasi hapa kwetu ni ndogo: atakayemnunua ana jirani ambaye farasi wake anahudumiwa na fundi wa kwato yule yule na kutibiwa na daktari yule yule.

Bei pangia kazi anayoifanya sasa, siyo anayoweza kuifanya "akipata mpandaji." Acha nafasi kidogo ya kupatana, siyo nusu. Majaribio ya wiki moja nyumbani kwa mnunuzi yakubaliwe kwa mkataba tu, yakitaja nani anaruhusiwa kumpanda, urefu gani, na nani analipa daktari akiumia.

Na uwe tayari kukataa pesa. Baba akija na mtoto anayetetemeka, akasema "atazoea," farasi wako mwenye nguvu usimpe. Mwelekeze kwa poni mzee unayemjua. Na saisi wako aruhusiwe kusema. Mwambie mbele ya mgeni: "Mzee, mweleze yote." Ukimpa ruhusa hiyo waziwazi, umemwondolea mzigo ambao mimi niliubeba siku ile nikiwa nimeshika kamba.

Siku ya kuondoka, mfungashie chakula chake cha wiki moja, ili abadilishwe taratibu. Weka hatamu ya kuongozea aliyoizoea, nakala za chanjo na siku ya mwisho ya dawa ya minyoo, lijamu yake, kile chuma cha mdomoni, au angalau picha yake, na karatasi aliyoandika mtoto kwa mkono: anaamka na njaa, anaogopa miavuli, mguu wa nyuma wa kushoto unyanyue mwisho. Kama inawezekana saisi apande lori, ashinde naye siku ya kwanza, amwonyeshe saisi mwenzake anavyomfunga. Wabadilishane namba za simu. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, farasi asipomaliza nyasi zake, wao wawili ndio watakaojua kabla ya wengine wote.